Plagi Nne za Gari la Zuhura

Stephano Mika alijifunza ufundi wa magari katika karakana ya misheni huko Gare, enzi ambazo mwanafunzi hakuruhusiwa kushika spana kabla ya kunawa mikono. Desturi hiyo hajaiacha. Hata sasa, akiwa amekwisha kuvuka miaka sitini na mitano, wateja wake wa Lushoto humkuta akinawa kwa kipande cha sabuni, taratibu, kama mtu anayejiandaa kula, na hakuna anayethubutu kumharakisha. Katika milima hii neno lake lina uzito. Akisema gari limekufa, mwenyewe hutafuta mnunuzi wa vyuma.

Ndivyo ilivyotokea kwa Zuhura, mkulima wa karoti na kabichi huko Shume. Marehemu mumewe alimwachia pikapu ya dizeli, nayo ndiyo iliyokuwa ikipeleka mazao yake na ya majirani sokoni Lukozi. Mwezi wa Julai mwaka jana pikapu hiyo ilianza kukataa kuwaka asubuhi. Mchana, jua likipata nguvu, iliwaka kwa tabu. Lakini alfajiri, saa za kwenda sokoni, stata ilizungusha mashine mpaka betri ikachoka. Zuhura alijaribu kuimwagia maji ya moto ya birika. Akajaribu kuiegesha mteremkoni ili ipate kusukumwa. Mwishowe akamwita Stephano.

Mashine ya dizeli haitumii cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Penye baridi kama ya Shume hewa hiyo haipati joto la kutosha, ndipo huhitajika plagi ndogo za kupasha moto, moja kwa kila silinda, zinazofanya kazi kwa nukta chache kabla ya kuwasha. Stephano alikuwa na namna yake ya kuzipima: balbu ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja aliufunga kwenye upande wa chanya wa betri, na kwa ncha ya waya wa pili akagusa kichwa cha kila plagi. Balbu ikiwaka, umeme unapita na plagi ni nzima. Siku ile balbu iliwaka mara zote nne.

"Plagi zako nzima, mama," akamwambia. "Mashine ndiyo imelika. Usihangaike nayo tena."

Zuhura hakubisha. Alikubaliana na Hassani, mnunuzi wa magari mabovu kutoka Mombo, aje Jumamosi kulivuta.

Siku ya Alhamisi Stephano alikuwa akipima gari jingine mjini. Vichwa vya plagi huunganishwa na utepe mmoja wa chuma, unaozigawia umeme zote. Nati moja ya utepe huo ilikuwa imeshika kutu, kwa hiyo akaufungua wote ili aisafishe. Alipopima tena, plagi iliyowasha balbu muda mfupi uliopita haikuwasha kitu. Akaurudisha utepe: balbu ikawaka. Akautoa: ikazimika. Akarudia mara ya tatu, ndipo akaelewa. Utepe ukiwa mahali pake, umeme ulipita humo na kukimbilia plagi yoyote iliyo nzima, hata kama waya umegusa iliyokufa. Na kwa zaidi ya miaka thelathini yeye hakuwa na mazoea ya kuutoa utepe, maana kuutoa kulichelewesha kazi.

Angeweza kumpigia Zuhura simu. Lakini hakuwa na hakika bado, na kosa la kwanza lilikuwa hilohilo la kusema mapema. Jumamosi akapanda Shume kwa gari la kwanza, akiwa na plagi nne mpya mfukoni. Alimkuta Hassani amekwisha kufunga kamba kwenye bampa.

"Shikamoo, fundi," alisema Hassani. "Umekuja mazikoni?"

"Marahaba. Kamba hiyo iache kwanza."

"Loo! Mgosi, mzee wangu, maiti umeithibitisha mwenyewe, leo unataka kuipima homa?"

Zuhura alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. "Shikamoo, baba. Kuna nini tena?"

"Marahaba, mwanangu. Naomba nilipime upya. Nilikosea kupima."

Zuhura alimtazama. "Ulikosea, au unanionea huruma? Maana kama ni huruma, mwenzio Hassani ana safari."

"Nilikosea. Kama gari ni zima, sijui bado. Ninalojua ni kwamba sikustahili kusema vile."

Akafungua boneti, akautoa utepe na kuuweka juu ya kitambaa. Plagi ya kwanza ilipoguswa, balbu haikuwaka. Ya pili, kimya. Ya tatu ikawaka. Ya nne, kimya. Kisha akaufunga utepe, akampa Zuhura waya ajaribu mwenyewe. Zote nne ziliwasha.

"Astaghfirullah!" alisema Zuhura. "Kumbe moja ndiyo iliyokuwa ikiwasemea wenzake!"

Stephano alizifungua zote, akafunga mpya. Zuhura akaketi kwenye usukani, akageuza ufunguo nusu, akasubiri kama alivyoelekezwa, kisha akawasha. Mashine ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.

"Hiyo inaaga," alisema Hassani.

"Subiri zipate moto tena," alisema Stephano.

Mara ya pili mashine ilishika. Gari lilitetemeka, moshi ukatanda juu ya kabichi, kisha mngurumo ukatulia. Zuhura aliufunika uso kwa kanga.

Hassani alifungua kamba yake. Hakuwa akicheka tena. "Fundi, lile gari la mwalimu Samsoni wa Mlalo, ulilipima kwa balbu hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

"Na utepe?"

"Sikuutoa."

"Mimi nilikwisha kulikatakata, fundi. Tangu mwezi wa tatu."

Zuhura alisema kwa upole. "Baba, mwalimu hajui. Sisi hatutasema. Na huenda lile lilikuwa bovu kweli."

"Huenda. Sasa hatutajua kamwe, na aliyemwambia aliuze ni mimi."

"Atakutukana mbele ya watu."

"Atanitukana," alisema Stephano, akikusanya spana zake.

Walipakia karoti bila kuzima mashine. Stephano alipanda mbele, mfuko wa vyombo magotini. "Nishushe Lukozi, mwanangu," alisema. "Pale nitapata gari la Mlalo."

Waliondoka saa tatu kasorobo, wanunuzi wakiwa wangali sokoni.