Mguu wa Kushoto wa Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Changamwe, Sista Mkuu alinikabidhi utepe wa fundi cherehani. "Huu ni wa miguu ya wajawazito na wazazi waliojifungua," akaniambia. "Pima yote miwili, tena bila leso. Macho hudanganya."

Alinifunza kwamba mimba ikikua hukandamiza mishipa inayorudisha damu moyoni, damu ikatuama miguuni. Wakati huohuo damu huganda upesi, ili mama asitokwe na nyingi akijifungua, na hali hiyo huendelea wiki kadhaa baada ya mtoto kutoka. Miguu yote miwili ikivimba kidogo, mara nyingi ni kawaida. Ukivimba mmoja, ukauma na kuwa na joto, huenda donge la damu limeziba mshipa. Donge hilo likikatika hupanda hadi mapafuni, na huua.

Nilihamishiwa Port Reitz, kisha Likoni. Vyeo vilipanda, na kiburi nacho hakikubaki nyuma.

Huko Likoni niliwatembelea wazazi majumbani walimokaa arubaini ya uzazi. Riziki alikuwa na siku tano tangu kujifungua, na mguu wa kushoto ulimuuma. Mama mkwe na mawifi walikuwa wamejaa chumbani. Kumfunua mzazi mbele yao ni kumvunjia heshima, nami niliona uzito kuwaomba watoke. Nikapapasa juu ya leso, utepe ukiwa mkobani.

"Uvimbe wa uzazi huu," nikasema. "Mkandeni kwa maji moto."

Mkandaji wake, Bi Mwanaisha, alikuwa bibi ambaye mimi na wenzangu tulimcheka kwa kutojua kusoma. Aliwatoa mama mkwe na mawifi nje, akainua leso, akagusa mguu mmoja, kisha wa pili.

"Mguu huu siukandi, mwanangu. Una moto, na mwenziwe hauna."

"Bi, mimi ndiye niliyesomea kazi hii."

"Naam, umesoma. Lakini siukandi, wallahi. Na apelekwe hospitali."

Nikaondoka nimenuna. Wao wakampeleka, na donge likaonekana pajani. Alidungwa sindano za kuzuia damu kuganda, akapona. Lau angekandwa nilivyoagiza, labda tungemzika.

Daktari Msimamizi aliona sahihi yangu kwenye kadi ya mzazi, akadhani mimi ndiye niliyemtuma hospitali, akanisifu mkutanoni. "Sista huyu ana jicho pevu," alisema. Nilipaswa kumsahihisha palepale. Nikasema, "Asante, Daktari."

Sifa hizo ziliwafikia jamaa za mumewe, wakadhani nilibadili shauri walipotolewa nje; siku ya arubaini nilialikwa, na mtoto akapewa jina langu. Bi Mwanaisha alikuwa ameketi karibu yangu. Nilingoja aseme neno. Alisema tu, "Jina zuri." Amefariki bila mimi kumwomba radhi, na hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe.

Sasa nimestaafu, naishi Kiembeni. Wauguzi vijana wakija kunitaka ushauri, nawaambia: ombeni watu watoke, funueni, pimeni, na msimdharau mkandaji. Hayo nayasema kwa urahisi. Yangu ndiyo yaliyonishinda kuyasema hadi leo.

Kila Idi binti wa Riziki, yule mwenye jina langu, huja na sahani ya biskuti. "Shikamoo, somo," huniambia, mama yake akitabasamu nyuma yake. Nami huitikia marahaba.