Mpangaji wa Ndani ya Gome

Ipo siku ambayo hadi leo nikiiwaza natabasamu, mwanangu. Nilikuwa binti mbichi, nimerudi kwetu Namoto kutoka chuo kikuu pamoja na mwalimu wangu, dotora, yaani daktari wa mambo ya dawa. Tulifuata gome la mti ambalo shangazi yangu, Bi Somoe, alikuwa akilichemsha na kuoshea vidonda vilivyokataa kupona.

Miti ile ilikuwa karibu kwisha. Watu waliibandua magome mzunguko mzima, ikakauka imesimama. Mmoja tu ulibaki, nyuma ya shamba la shangazi, naye akiulinda kama mtoto wa kumzaa.

Dotora akaomba gunia zima.

"Gunia?" shangazi akaguna. "Ukinibandulia gunia, mti wenyewe si utakufa? Kata kama kiganja, upande mmoja. Na mkigundua kitu, mje mniambie."

Mimi kipande kile nilikiona si kitu. Lakini dotora alikubali, akakifunga kwa adabu.

Kule maabara tuliweka vijigome kwenye visahani. Ikaota kuvu nyeupe, laini kama pamba, ambayo kumbe ilikuwa ikiishi ndani ya gome lenyewe. Vijidudu vya usaha tulivyovipanda karibu nayo vikafa vyote. Nilipiga kelele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja mbio. Na kuvu ile, ukiilisha, inazaliana chupani. Hatukuhitaji gome jingine tena.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia shangazi. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Kumbe miaka yote nachemsha mpangaji pamoja na nyumba yake! Sasa ni dawa?"

"Bado, shangazi. Lazima tujue kwanza kama haimdhuru mtu."

"Basi nendeni taratibu. Mti upo."

Shangazi ametangulia mbele ya haki, na kazi ile wanaiendeleza wanafunzi wangu. Kuvu ile haijawa dawa ya kumpa mgonjwa, lakini inakaribia, nami nimeridhika.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiingia mwituni au ukichota tope la mikokoni kutafuta dawa, omba kwanza kwa wenye kujua. Chukua kidogo. Pima bila pupa, wala usimnyweshe mtu kitu usichokijua. Ukipata jibu, rudi ukamwambie aliyekufungulia mlango. Mungu akupe jicho la kuviona vilivyo vidogo, aitie baraka mikono yako, na wengi wapone kwa sababu yako. Amina.