Damu Yake, Jibu la Wote

Wewe ukitolewa damu, si unafaa kuambiwa imesema nini?

Juzi, hapa Texas, nilim-drive mzee wetu mmoja kutoka Arlington hadi kituo cha utafiti Richardson. Nina muda, digrii yangu ya baiolojia haijapata kazi. Pale kituoni wanachukua chembe za damu, wanazitilia sumu ya moshi wa sigara, waone za nani zinaumia zaidi. Mzee huvuta. Baba yake alivuta akazeeka. Mdogo wa huyu mzee naye alivuta, akafa kwa kansa ya mapafu.

"Binti yangu, niambie tu," mzee akamwambia nesi, Mkenya mwenzetu, huku amebonyeza pamba mkononi. "Mimi ni wa baba ama wa ndugu yangu?"

"Pole baba, results za mtu mmoja mmoja hatutoi. Wata-publish average, wastani wa wote."

"Average ndiyo nani?"

Nesi akambandika plasta.

Nimechoka, wallahi. Utafiti mzima ni wa kuonyesha hatufanani, halafu jibu ni moja la wote. Tulipofika parking mzee akawasha sigara.

Nyinyi wenye maabara, mpigieni simu. Mwambieni chembe zake zilifanya nini. Kama hamjui maana yake bado, mwambieni hilo pia.