Mtoto wa Wapinzani

Juzi kocha wa timu ya softiboli ya wanawake ya mtaa wetu hapa Kinyinya, pembeni mwa Kigali, aliniangalia mimi, akamwangalia mwanangu mgongoni, akasema, "Mama, wewe malizana kwanza na kunyonyesha, halafu urudi." Alisema kwa upole, kama mtu anayekushauri uvae sweta. Niliteremka ile njia ya vumbi katikati ya nyumba zinazojengwa, malori ya mchanga yananipigia honi. Mjinga yule. Lakini yeye hakuwepo Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, kiangazi cha mwaka wa tisini na mbili, na mimi nilikuwepo. Kaa nikusimulie wewe, maana nikienda kumsimulia yeye sitasimulia vizuri.

Unajua Biryogo ya wakati ule ilivyokuwa. Asubuhi adhana, halafu kuku, halafu cherehani za mafundi zikianza moja moja mpaka mtaa mzima unanguruma. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Kazi yangu ilikuwa kufagia ua, kupepea mkaa mpaka ushike, na kupeleka maandazi ya bibi dukani kabla hayajapoa. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa kiume miezi michache tu nyuma, na nyumba yote ilinuka maziwa, tangawizi na nepi zilizoanikwa. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akiamuru kila kitu. Baba yake bibi alikuja zamani na msafara wa biashara kutoka Ujiji, na Kiswahili cha bibi kilikuwa kile cha kule, kimenyooka, si hiki chetu cha Kigali kinachochechemea.

Sasa kiangazi hicho zikaja timu za taifa za wanawake kucheza softiboli. Burundi, Kenya, Tanzania, na sisi wenyeji. Hakuna aliyejua softiboli ni kitu gani. Jirani yetu fundi cherehani alisema ni tenisi ya watu wenye hasira. Mimi nilijua kidogo, kwa sababu mwalimu wangu wa shule alikuwa ndani ya timu yetu ya taifa. Mwalimu yuleyule aliyetufundisha kuhesabu! Alituchorea ubaoni: huyu anarusha, huyu anapiga kwa rungu, akipiga anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi alipoanzia, akikosa mpira mara tatu ametoka. Siku hiyohiyo tukaanza kucheza nyuma ya nyumba, kwa mpira wa majani makavu ya migomba na mchi wa bibi. Bibi alituchapa kwa sababu ya mchi. Hilo halikutuzuia.

Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, chini kidogo ya mtaa, na jukwaa lenyewe lilikuwa ni mteremko tu wenye nyasi kavu. Watu walikaa juu ya kanga, vitambaa na viatu vyao. Mishkaki ilikuwa inachomwa pembeni, moshi unakuja machoni, na mara ya kwanza niliposikia rungu la chuma likigonga mpira halisi, ile sauti, kling!, mwili wangu wote ulisisimka. Mpira ulipaa mpaka nikaupoteza kwenye jua. Halafu msichana mmoja mwembamba, mbali kabisa, akainua mkono wenye glavu kubwa kama mkate, akaudaka bila hata kukimbia. Nilisahau kufumba mdomo. Sikujua kwamba wanawake wanaruhusiwa kufanya hivyo mbele za watu.

Lakini yote hayo si kitu mbele ya mrushaji wa Tanzania. Alikuwa mfupi, mweusi tii, mabega kama ya mbeba mizigo. Alisimama kimya, akautazama mpira kama mtu anayetia nia, kisha mkono wake ukazunguka mara moja, duara zima kama gurudumu la baiskeli, na mpira ukatoka chini, karibu na paja. Hukuuona ukienda. Ulisikia tu glavu ya mdakaji ikilia pa! na mpigaji bado anashangaa na rungu lake. Wanaume waliokuja kucheka wakasogea mbele waone vizuri. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kusifu kitu chochote isipokuwa chumvi, akasema, "Huyu ameumbwa."

Na mrushaji huyu alikuwa na mtoto mchanga. Binti, hajaanza hata kukaa. Alikuja naye kutoka kwao, akamwacha benchini kwa wenzake. Zamu ya timu yake kupiga ikifika, anakimbilia benchi, anafungua jezi, ananyonyesha huku amevaa viatu vyenye meno. Zamu ya kurusha ikifika, anamkabidhi mwenzake, anarudi uwanjani. Siku mbili za mashindano tulimtazama hivyo, na wanawake wa mtaa wetu hawakuzungumza jambo jingine kisimani.

Fainali ikawa Rwanda na Tanzania. Mji mzima ulikuja, nakuambia. Katikati ya mchezo mtoto alichelewa kushiba, mama yake akachelewa kurudi uwanjani, viongozi wa upande wetu wakalalamika. Mwamuzi akamwonyesha kidole: "Ukichelewa tena au ukitoka, hurudi." Sote tulielewa maana yake. Tanzania walikuwa na mrushaji mwingine, tulishamwona, na huyo hata mimi ningempiga kwa mchi wa bibi. Yule mama akitoka, kombe ni letu.

Ikafika zamu ya mwisho. Tanzania walipokuwa wakipiga, mrushaji wao mwenyewe alikuwa kwenye vituo, anakimbia, kwa hiyo hakumnyonyesha mtoto. Wakatuzidi pointi moja tu. Halafu moja kwa moja wakaingia kukaa ulinzini, sisi tupige. Mtoto akaanza kulia.

Si kilio cha kubembelezwa. Kilikuwa cha njaa, kile kinachopanda na kukwama juu, halafu kimya, halafu kinarudi kikali zaidi. Benchi lao walimpa maji kwa kijiko, akayatema. Wakamtikisa, wakamwimbia. Mama yake pale katikati akarusha mpira, ukaenda pembeni kabisa. Akarusha mwingine, ukapiga udongo. Wachezaji wetu wawili wakaingia kwenye vituo bila jasho, maana mrushaji akikosea mara nyingi mpigaji hupewa kituo bure. Na kifuani kwake, mbele ya jezi ya kijani, nikaona alama mbili zinaloa, zinakua. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe. Niliuliza kwa sauti, "Mama, amemwagikiwa na nini?" Mama alikuwa anamkumbatia mdogo wangu kama mtu aliyechomwa.

Fundi cherehani akasimama akapiga makofi. "Lia, mtoto! Lia sana! Leo wewe ndio mchezaji wetu!" Watu wakaangua kicheko. Wakaanza kumshangilia mtoto alie.

Hapo bibi akainuka. Alijikung'uta nyasi, akamwambia mama, "Nipe huyo wako. Wewe twende." Wakateremka mpaka benchi la Watanzania, mimi nyuma yao nimeshika ncha ya kanga. Mama akanyoosha mikono kumpokea mtoto, lakini bibi akamzuia. "Ngoja. Hatuibi undugu." Maana kwetu Waislamu, mtoto akinyonya ziwa la mama yako, ni ndugu yako, hamuoani mpaka kufa. Hilo halifanyiki bila mwenye mtoto kujua.

Basi bibi akasimama kwenye mstari wa chokaa, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti mbele ya mji mzima wa Kigali: "Mwanangu eee! Hapa yupo mwanamke ana maziwa! Ana mtoto wake wa kiume! Akimnyonyesha wako, hawa ni ndugu! Unakubali?"

Mwamuzi alibaki na mkono hewani. Yule mrushaji aligeuka, uso wote vumbi na jasho.

"Nimekubali, bibi!" akaita. "Nimekubali, Mungu awalipe!"

Fundi cherehani alikuwa ametufuata mpaka chini. "Mukecuru, bibi kizee wewe, umepata wazimu? Huyo ni wa kwao! Unatupokonya kombe!" Halafu akasema lile ambalo miaka ile lilikuwa halichelewi kusemwa: "Nyie Waswahili, mko upande gani hasa?"

"Mimi niko upande wa huyu anayelia," bibi akasema. "Wewe rudi ukakae."

Mama alikaa chini kwenye vumbi, akaugeuzia uwanja mgongo, akampokea yule mtoto. Kilio kikakatika hapo hapo. Nilisikia akimeza, glu, glu, kama birika linalomiminwa. Sijapata kusikia kimya kizito kama kile. Watu wote wale, na kinachosikika ni mtoto anameza.

Mrushaji akafumba macho kidogo. Akayafumbua. Mkono ukazunguka, pa! Mpigaji wetu aliyefuata akatoka. Mwingine akatoka. Wakitoka watatu mchezo umekwisha, na wa tatu alikuwa mwalimu wangu.

Nilimpenda mwalimu wangu. Lakini, rafiki yangu, sikujua nimwombee nani. Mwalimu alikosa wa kwanza. Wa pili aliugusa ukaenda kando, watu wakaruka juu, wakakaa. Wa tatu sikuuona. Niliona mkono tu, lile duara, na nguo iliyoloa kifuani, na mwalimu wangu amejizungusha mpaka akapiga goti chini. Mpira uko ndani ya glavu. Mchezo umekwisha.

Wenzake walimkimbilia kumbeba. Aliwapita. Alikuja mbio mpaka mbele ya mama, akapiga magoti kama wanavyosalimia kwao. Mama naye akawa anasema tu, "Ameshiba, dada. Ameshiba." Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. Mwalimu wangu alikuja nyuma yake, anahema, rungu bado mkononi. "Mama, si ungemwacha alie kidogo tu?" Mama akamtazama. "Si ungeupiga tu, mwalimu?" Wakacheka wote watatu mpaka mwalimu akatoka machozi, na sijui yalikuwa ya nini.

Jioni mwalimu wa madrasa alipita nyumbani akasema mara moja haitoshi kuwafanya ndugu, lazima anyonye mara tano. Bibi akamwambia, "Wewe hukumwona alivyonyonya," akaendelea kuchambua mchele. Na mtaani wapo waliokataa kununua maandazi yetu kwa majuma kadhaa. Kisha wakanunua.

Miaka miwili baadaye hapakuwa tena na mtaa wa kununua wala kukataa. Mwaka wa tisini na nne ulimchukua mwalimu wangu, ukamchukua mama, na bibi hakumaliza mwaka uliofuata. Fundi sijui alikoishia. Majuzi nilipopita pale Biryogo na mwanangu mgongoni, uwanja haupo. Kuna maduka ya vioo, na msichana wa dukani aliniambia hajawahi kusikia kwamba pale palichezwa kitu. Jezi, sauti ya lile rungu, ule mteremko wa nyasi kavu, vyote vimekwenda na watu walioviona.

Kinachonichoma ni kwamba mama alilijua jina la yule mtoto. Aliambiwa pale pale vumbini, akalirudia kwa sauti ili alishike. Mimi nilikuwa hapo karibu, na sikusikiliza, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa mama yake, ulioning'inia kando kwa uchovu, mkono wa kawaida kabisa. Mdogo wangu sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Akikutana na binti wa Kitanzania wa umri wake, akampenda, kabla hajaomba hata namba ya simu humuuliza, "Mama yako alikuwa akicheza mchezo gani?" Mabinti hucheka. Hudhani ni maneno ya kutongoza. Yeye hacheki, anangoja jibu.