Ekzosi ya Midomo Miwili

Haya, nyinyi wa Walukuba, na nyinyi wa Masese mliokuja na harufu yenu ya samaki, sogeeni mkae. Wewe wa nyuma, zima hiyo redio. Uongo wake wa leo umeshasikika, sasa ni zamu yangu. Nawaambia siku niliyokufa nikarudi, na sababu yake ilikuwa bomba la moshi.

Mimi shule niliiona kwa dirisha, tena nikiwa nje. Kazi yangu ilikuwa ekzosi. Jinja yote, gari ikianza kulia kama ng'ombe anayezaa, watu wanasema, peleka kwa yule Mnubi. Nilikaa chini ya magari mpaka mke wangu akanijua zaidi kwa miguu kuliko kwa uso. Kuna jioni nilirudi nikasimama mlangoni, akaniuliza, "Nikusaidie nini, bwana?"

Miaka ile ya vita spea zilikwisha kabisa. Tulitengeneza ekzosi na chochote: bomba la kitanda, mkebe wa maziwa, na mara moja tarumbeta ya bendi. Gari hiyo ikipita, watu wanasimama wima, wanafikiri ni wimbo wa taifa.

Sasa, kulikuwa na gari ya mbio ya Kizungu, ndogo, nyekundu, milango miwili. Iko chini sana hata kuku akivuka barabara, yeye na dereva wanaangaliana macho kwa macho. Huku kwetu zilikuwa mbili tu, zote za Wahindi, na Wahindi walipofukuzwa zikabaki. Moja alibaki nayo shemeji yangu, kaka ya mke wangu, mnunuzi wa kahawa huko Wanale, Mbale. Muhindi wake alimpa ufunguo mkononi, wakalia wote wawili. Ya pili aliichukua meja mmoja wa serikali ile ya wanajeshi. Meja huyo akija kwangu, mkono unanitetemeka mpaka nati inajikaza yenyewe.

Ukiziona kwa juu, ni mapacha. Kwa chini, hata ujamaa hakuna. Kiwanda kilikuwa kinabadilisha ekzosi kila kikichoka na ile ya zamani. Ile ya kwanza, ndiyo ya shemeji: bomba moja, sailensa moja ya kupunguza mlio, ndefu kama chupa ya chai, mdomo mmoja upande wa kushoto. Juu yake kuna mkono wa chuma, mmoja tu, uliotoka kiwandani kwenye chesisi, mifupa ya gari, ndio unaoibeba. Iliyofuata ndiyo ya meja: mabomba mawili toka injini mpaka nyuma, mikono miwili ya kubeba, na midomo miwili imekaa pamoja kama pua ya yule mnyama ambaye sisi Waislamu hatumtaji. Kuna na ya tatu, sailensa imelala kwa upana chini ya buti kama mto wa kitanda, lakini hiyo niliiona kwenye kalenda tu.

Basi wakombozi wakaingia kutoka Tanzania, meja akakimbia na gari yake, na jeshi jipya likaanza kumtafuta. Namba za gari wakati ule hazikuwa na maana. Watu walizibadilisha kama kanzu ya Ijumaa. Kwa hiyo wao walikuwa wanatafuta rangi.

Mchana mmoja gari ya jeshi ikasimama mbele ya miguu yangu. Nikatoka chini pole pole. Kapteni alikuwa amekaa mbele.

"Wewe ndiye fundi wa ekzosi?"

Mungu wangu, nilitamani niwe muuza ndizi.

"Shemeji yako tumemkamata Mbale na gari ya meja," akasema. "Yeye anasema ni ya kwake. Anasema wewe umelala chini ya zote mbili, utatofautisha. Panda."

Nyinyi watoto hamjui neno hilo "panda" lilikuwa nini. Serikali ile iliyopita, mtu akipandishwa, nyumbani wanaanza kutandika mikeka ya matanga. Na mimi Mnubi, mtoto wa watu wa jeshi la zamani, nani angeuliza? Mke wangu alishika nguzo ya mlango, hakuweza hata kulia. Jirani yangu, aliyekuwa anavipenda viatu vyangu siku nyingi, akaniangalia miguuni akasema kwa huruma, "Ndugu, si uviache tu?"

Njiani nilikaa nyuma, askari ameniwekea bunduki kwenye mbavu. Kila tukiruka shimo, na mimi natoa shahada. Kapteni alikuwa na hasira na dunia nzima.

"Nchi hii kila kitu kinaibiwa! Gunia zima la sukari limetoka stoo yangu mwenyewe, na mlinzi yuko mlangoni. Sasa mimi nakunywa chai kama dawa ya minyoo!"

Askari wangu, yule wa bunduki, akatikisa kichwa kwa uchungu. "Watu wabaya sana, afande."

Kapteni akanigeukia. "Na wewe, Kiswahili ulijifunza wapi? Ulikuwa askari wa yule rais wenu aliyekimbia?"

"Hapana, afande. Askari alikuwa babu yangu, wa Waingereza. Mimi nimezaliwa na Kiswahili kama watu wanavyozaliwa na kitovu."

"Mbona kimevunjika hivyo?"

"Afande, ni vita."

Hakucheka. Tukapita Tororo, mimi bado natoa shahada.

Pale Mbale tuliingia uwanja wa kambi. Kitu cha kwanza nilichoona ni viatu. Lundo la viatu ukutani, vya ngozi, vya raba, hata kimoja cha mwanamke, na wenye viatu hawapo. Sikuuliza ni vya serikali ipi. Nikamkumbuka jirani yangu, nikaona kumbe alikuwa mtu wa maana.

Shemeji alikuwa amekaa chini, mikono imefungwa nyuma na kamba. Alikuwa mtu mnene. Siku hiyo shati lilikuwa linamtafuta halimuoni. Gari nyekundu ilikuwa pale karibu, pua kwetu.

"Sikiliza," kapteni akasema. "Ikiwa hii ni ya meja, huyu ni mtu wa meja, anajua alipojificha. Na wewe ukinidanganya, mtakwenda naye pamoja. Nionyeshe."

Nikajaa nguvu. Jambo hili si ninalijua? Nikasema kwa sauti hata mlima wa Wanale ukasikia, "Afande, ni rahisi sana! Ya shemeji iko na mdomo mmoja. Ya meja, miwili!"

Shemeji akafumba macho.

Tukazunguka nyuma ya gari.

Midomo miwili.

"Hesabu," kapteni akasema.

"Afande..."

"Hesabu nikusikie."

"Mmoja," nikasema. "Na... mwenzake."

Askari wangu akakoki bunduki. Mlio ule, wallahi, mpaka leo mtu akifunga kufuli karibu yangu naruka juu. Nikapiga magoti nikaomba niangalie chini, kidogo tu. Kapteni akaonyesha kwa kidole. Nikaingia chini ya gari haraka kama panya, na maisha yangu yote sijawahi kupenda chini ya gari namna ile. Nilitaka nihamie.

Nikainua macho. Mkono wa kubeba ekzosi, mmoja. Nikapapasa upande wa pili, chesisi ni laini, haijaguswa tangu kiwandani. Bomba la pili lilikuwa limefungwa na waya! Nikalifuata kwenda mbele kutafuta injini. Halikufika. Lilifika kwenye sailensa nene likafia hapo, limezibwa. Na lilivyochomelewa, jamani, kama kuku amekohoa! Kifo kiko nje kinanisubiri, mimi huku nina wivu: shemeji amekwenda kwa fundi mwingine!

Nikagonga bomba la kweli na kucha. Likalia ngaa. Nikagonga la uongo. Pu. Kama tumbo la mtu aliyeshiba. Halafu kwenye ufa kikadondoka kitu, moja kwa moja mdomoni mwangu, maana mdomo ulikuwa wazi kwa woga. Buni. Kahawa mbichi.

Hapo nikaelewa yote. Shemeji alikuwa anavusha kahawa kwenda Kenya ndani ya ekzosi. Magendo. Kwa magendo hayo serikali iliyopita ilikuwa inapiga watu risasi, na hii mpya hakuna aliyejua bado itafanya nini. Nikinyamaza, gari ni ya meja, shemeji anakufa na mimi namfuata. Nikisema, ni magendo, tunakufa vile vile, kwa njia nyingine tu. Kupitia katikati ya magurudumu nikamuona shemeji ananiangalia, anatikisa kichwa pole pole: usiseme. Nikaimeza ile buni.

"Fundi, umelala?"

"Naangalia, afande."

"Toka."

Nikatoka. Nikapangusa mdomo. "Afande, gari ni ya shemeji. Mkono wa kubeba ni mmoja. Huu mdomo wa pili ni wa uongo, ni pambo tu. Watu wa mjini wanapenda gari ionekane kali."

"Pambo?" Kapteni akamgeukia askari mwingine. "Washa gari. Mdomo wa pili ukitoa moshi, sitauliza tena."

Ikawashwa. Ikanguruma. Askari wangu akachuchumaa, mkono mmoja kwenye kila mdomo. Mmoja ukamtemea masizi mpaka kwenye kiwiko. Mwingine, kimya.

"Afande, huu unapumua," akasema. "Huu umekufa."

Kapteni akalala chini mwenyewe, na nguo zake zote za kazi, akaangalia ule mkono mmoja. Akainuka. "Mfungueni huyo."

Wakaanza kufungua kamba. Mimi nikaanza kupumua. Na gari bado inanguruma, na bomba la kweli limepata moto sasa, na lile la uongo limelala ubavuni mwake kama mke na mume...

Harufu ikaanza. Kidogo, halafu ikajaa uwanja mzima. Aliyekuwa anafungua kamba akasimama. Akainua pua.

"Fundi."

"Afande."

"Hili pambo lako linanukia nini?"

Nikamtazama shemeji. Midomo yake ilikuwa inasoma shahada. Nikaona basi, angalau nife sijaongeza uongo mwingine.

"Kahawa, afande."

"Ya wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye mlima. Mkono haukutulia, nikaonyesha milima kama mitano.

Kapteni akaizunguka gari. Mkono wake ulikuwa kiunoni, palepale kwenye bastola. Akachuchumaa nyuma ya mdomo ule wa uongo. Akafumba macho, akavuta harufu, akakaa hivyo mpaka nikafikiri amelala.

"Mimi kwetu Bukoba," akasema pole pole. "Tangu tuvuke mpaka sijaonja kahawa ya maana." Akasimama. "Gari si ya meja. Mmalizieni kamba. Hilo bomba lifunguliwe hapa hapa, hiyo kahawa itanyweka hapa hapa, na nisisikie mtu ametaja magendo." Halafu akapiga ulimi kwa hasira. "Ila bila sukari, ni kazi bure!"

Askari wangu, masizi mpaka kwenye kiwiko, furaha imemjaa, akaruka juu.

"Afande, sukari mimi ninayo!"