Sabuni ya Maganda ya Sufi

Mwaka 1943, vita vilipopamba moto huko ng'ambo, sabuni iliadimika Kisarawe nzima. Ilifika dukani kwa nadra, nayo iliishia kwa waliodamka mapema. Mwanamkuu binti Kondo, mke wa mkulima Mwishehe, alikuwa akimuuguza mama mkwe aliyelala kitandani hajiwezi. Mashuka ya mgonjwa yalifuliwa kwa maji matupu, yakakakamaa, yakaanza kumchubua mgongo. Hilo ndilo lililomkera Mwanamkuu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na rundo la maganda ya sufi. Kila msimu sufi yenyewe, ile ya kujazia magodoro, iliondoka kwa magunia kwenda mjini, maganda yakabaki kuwa maskani ya nge. Mwanamkuu alijua kuwa majivu yake yakichujwa hutoa magadi makali. Mama yake akiyatumia kulainishia mboga. Siku moja mafuta ya nazi yalimmwagikia kwenye bakuli la magadi hayo. Alipoliosha, vidole vikateleza, povu likatoka.

Basi akaanza. Alichoma maganda, akajaza majivu kwenye chungu kilichotoboka kitako, akamimina maji juu na kukinga chini matone ya rangi ya chai. Mafuta aliyakamua kwenye mbata zilizoota kuvu, zile alizozikataa mnunuzi wa nazi.

Akayapika mafuta na magadi pamoja. Mara ya kwanza mafuta yalielea juu tu. Mara ya pili chungu cha kupikia kilifurika, kikambabua mkono mpaka kwenye kiwiko. Mboni, dada wa mumewe, alikuja mbio.

"Wifi, acha! Utajitia kilema kwa ajili ya takataka."

"Mama yako anaoza mgongo, Mboni. Nifunge kitambaa, kisha unisaidie kuchochea moto."

Mboni akamfunga, akachochea.

Wakagundua kwamba magadi yalikuwa mepesi. Mwanamkuu akayachemsha mpaka yakapungua, mpaka yai likitiwa ndani halizami. Safari hii mchanganyiko ukashikana. Lakini haukuganda. Alitaka mche wa sabuni kama wa dukani. Akaumimina kwenye kisanduku cha mbao, akangoja siku tisa, ukabaki laini kama uji wa muhogo. Siku ya kumi aliketi jikoni, machozi yakimlengalenga.

Mwishehe alitoka shamba, mikono imejaa utomvu wa mikorosho. Akachota kidogo, akanawa, akaitazama mikono yake.

"Mke wangu, uchafu si umetoka?"

"Umetoka."

"Sasa nani kasema sabuni lazima ikatwe kwa kisu?"

Mwanamkuu akacheka, kicheko cha kwanza mwezi ule. Akaijaza kwenye vifuu vya nazi, akavifunika kwa majani ya mgomba. Jioni hiyohiyo mama mkwe alilalia shuka safi.

"Linanukia vizuri, mwanangu," alisema bibi yule, akafumba macho.

Vidonda vilichukua wiki tatu kukauka. Kabla ya hapo majirani walikuwa wameshaanza kuleta maganda yao, kila mmoja na kifuu chake mkononi.

Vita vilipokwisha, sabuni ya miche ilirudi dukani, na wengi wakaikimbilia. Mwanamkuu hakuzima moto. Mwaka 1951 wanawake wa kijiji cha Gwata walimwomba akawafundishe. Alikwenda na chungu chake kichwani, akakaa siku kumi, na hakuondoka mpaka kila mmoja alipopika sabuni yake mwenyewe, ikashikana.