Miguu ya Nyuma ya Twiga

Kikao kile cha Agincourt nilipaswa kukikataa. Nimelijua hilo kwa miaka mingi, lakini juzi lilinirudia upya jikoni kwa binti yangu Neema, kule Markham, nje kidogo ya Toronto, nilipomkuta anakoroga gundi ya unga wa ngano. Ile harufu ya uji usio na chumvi, yenye uchachu kidogo, ilinishika puani hadi nikavuta kiti nikakaa. Alikuwa akimtengenezea mwanawe vazi la Halowini, ile jioni ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto wa huku hujigeuza mizimu, wafalme na wanyama, wakapita mlango kwa mlango wakipewa peremende.

Miaka ya tisini, tulipokuwa bado wageni Toronto, tuliishi Regent Park, kwenye jengo la ghorofa nyingi. Mama Neema hakuipenda desturi hiyo mwanzoni. Kwetu Kigoma, mtoto anayebisha hodi kwa watu akiomba cha kula humletea mama yake aibu. Lakini mwaka wa pili aliona majirani wasiosalimiana mwaka mzima wakisimama kwenye korido, wakisifia watoto wa wenzao. Akasema, "Kumbe ni siku ya kutembeleana." Akaitoa cherehani kabatini.

Neema alikuwa na miaka tisa, mdogo wake Yona mitano. Neema alitaka kuwa twiga, kwa sababu darasani alikuwa amejigamba kwamba baba yake anawajua twiga tangu utoto. Niwaambie ukweli: mimi nilikua na dagaa na migebuka, samaki wa ziwani. Twiga nilimjua kwenye stempu. Wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu nilimwona hapa hapa Toronto, kwenye bustani ya wanyama, Neema akiwa mabegani mwangu. Tulimtazama mnyama yule mpaka tukagundua kwamba akitembea, miguu yake ya upande mmoja huondoka pamoja, wa mbele na wa nyuma. Mtoto hakulisahau hilo.

Mama Neema alichukua blanketi la manjano, akalishonea madoa ya kitambaa alichokichemsha kwenye majani ya chai. Nyumba nzima ilinuka chai na gundi. Shingo ilikuwa bomba la karatasi ngumu, lile linaloviringishiwa zulia, tulilopewa na mwenye duka. Blanketi alilichagua makusudi. Alikuwa ameona watoto wa watu wakivalishwa makoti mazito ya baridi juu ya mavazi mazuri, akaapa kwamba kazi ya mikono yake haitafunikwa na koti.

Twiga wa namna hiyo anahitaji watu wawili. Yona alikuwa mfupi mno, akapewa kazi ya askari wa mbuga na mfuko wa kubebea peremende. Neema angekuwa mbele. Nyuma aliniomba niwe mimi.

Kila jioni nikitoka kiwandani tulifanya mazoezi kwenye korido. Niliinama, nikamshika kiuno, blanketi likanifunika, nisione kitu ila visigino vyake. Mtoto huyu tulimsemesha Kiswahili akajibu Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wa huku, lakini ndani ya blanketi aliniamrisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya sajini: "Kushoto. Kulia. Baba, usiburute mguu." Mgongo uliniuma, nikacheka mpaka nikakohoa. Mama Neema aliegemea mlango akasema, "Mcheza kwao hutunzwa."

Jumapili, baada ya ibada, habari zikawafikia wenzangu. Nilikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana, kile cha kusaidiana mmoja wetu anapofiwa. Mwenyekiti, Mzee Lameki, alikuwa mtu wa utani. Akaniuliza mbele ya wote, "Katibu, eti Jumamosi wewe ndiye makalio ya twiga?"

"Mwacheni," mwingine akadakia, "angalau huko nyuma hatatusomea kumbukumbu za kikao."

Walicheka, nami nikacheka, lakini masikio yaliniwaka. Kisha Mzee Lameki akasema kwamba jioni hiyo hiyo ya Jumamosi kuna kikao Agincourt, upande mwingine wa mji, na bila katibu hakiendi. Ningeweza kusema tukisogeze. Hakuna aliyekuwa amefariki. Nilisema nitafika, na moyoni nilifurahi kupata mlango wa kutokea.

Nilimwambia Neema siku yenyewe, nikiwa tayari nimefunga tai. Alikuwa ameshavaa soksi za kahawia.

"Lakini Baba, wewe ndiye miguu ya nyuma."

Nikamwambia mama yake atashika nafasi yangu, kwamba mambo ya watu wazima hayangoji. Hakulia. Alinijibu kwa Kiingereza, neno moja tu la kukubali.

Agincourt tulibishana jioni nzima kama mama mkwe akifa ahesabiwe kuwa mzazi, mfiwa apewe mchango. Wenye mama wakwe wazima walisema ndiyo, waliokwisha kuwazika walisema hapana. Tuliondoka bila kuafikiana.

Niliporudi niliwakuta sakafuni, wamezungukwa na peremende. Mama Neema, asiyejua kushoto wala kulia kwa twiga, alikuwa akicheka hadi machozi. Shingo ilikataa kuingia kwenye lifti. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, asiyejua lugha yoyote tuliyoijua sisi, aliishika akapanda nayo ngazi pamoja nao. Penye mlango mmoja kichwa kiliingia ndani na miguu ya nyuma ikabaki nje, ikiendelea na safari. Neema alinisimulia yote vizuri, kwa adabu, kama mtu anavyomsimulia mgeni.

Kesho yake nilimwambia twende kwenye korido, niwe miguu. Akanitazama kwa huruma. "Halowini imekwisha, Baba."

Jioni ile ilitufungulia mengi. Majirani walianza kutuita kwa majina. Mwaka uliofuata kina mama wa jengo letu walimletea Mama Neema vitambaa, akawashonea watoto wao simba na pundamilia, nasi tukaacha kujiona wapita njia. Neema alikua vizuri. Ni mtu mwema, na ananipenda. Jambo hilo silitilii shaka. Juzi, huku akipaka gundi, alimsimulia mwanawe habari za twiga, na wote wawili wakacheka. Nilicheka nao, ingawa katika hadithi hiyo mimi sipo.

Baada ya siku ile aliniomba mengi, kama mtoto anavyomwomba baba yake. Aliniomba viatu, aliniomba nimfundishe kuendesha gari, aliniomba nimshike mkono hadi madhabahuni siku ya harusi yake, na vyote nilitimiza. Lakini hakuniomba tena kucheza naye. Nilikwenda kikao kimoja, na bei yake ndiyo hiyo.